Bureti ya kumi na mbili

Jana nimesafiri kutwa nzima: treni ya umeme kutoka Dar hadi Dodoma, kisha basi la Tabora kupitia Manyoni na Itigi, boksi nimelipakata kama mtoto mchanga. Ndani mna bureti 12 za kioo, ile mirija mirefu ya kupimia vimiminika maabara. Kondakta alitaka liende kwenye buti. Nikamwambia litakwenda buti tukienda wote.

Shule ya Wavulana Tabora, ukiripoti, kabla hujaonyeshwa kitanda utaambiwa kwamba Nyerere aliingia hapa mwaka 1937. Nami niliambiwa, nikatembea kifua mbele wiki nzima. Lakini mkubwa wangu mimi pale ni mwalimu mmoja wa kemia ambaye hajaandikwa kitabuni popote.

Mwaka 2008 nilikuwa kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia na baiolojia). Ada ya bweni ilikuwa shilingi 70,000 kwa mwaka (kidato cha tano na sita walifutiwa mwaka 2022; nikiitaja mbele ya wadogo zangu wananiona mzee). Mama aliipata kwa kuuza maharage Kasulu, debe kwa debe. Nyumbani hapakuwa na shilingi ya ziada, na hilo nililijua vizuri kuliko hiyo kemia.

Siku moja tulikuwa na praktiko ya taitresheni, kudondosha kimiminika kimoja ndani ya kingine ili kupima nguvu yake. Nilikuwa naitoa bureti kwenye stendi niisuuze, ncha ikagonga ukingo wa sinki. Mlio ule ninao masikioni mpaka leo. Utaratibu ulikuwa mmoja: ukivunja, jina lako linaingia kwenye daftari la maabara na unalipa, la sivyo siku ya kuondoka fomu yako haisainiwi.

Mwalimu akaja na ufagio, akafagia vigae mwenyewe. Halafu akaniletea bureti ya mezani kwake. "Endelea, muda unakwisha." Basi, hakuongeza neno.

Februari 2009, mtihani umekwisha, naingia maabara kusainiwa fomu huku tumbo linanikata. Nimeshapanga hadi uongo wa kumwambia. Daftari likafunguliwa. Kwenye mstari wa bureti lilikuwapo jina lake yeye, na pembeni: imelipwa.

Sikumshukuru. Nilisema "Shikamoo, mwalimu", akaitikia "Marahaba", akasaini, nami nikakimbilia treni ya Kigoma. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilidhani watu wazima wako palepale siku zote, ukirudi utawakuta. Nilipoanza kumuulizia, tayari nina kazi na watoto wawili, nikaambiwa alistaafu, akarudi kwao, akafariki.

Leo asubuhi mkuu wa shule alitaka wanafunzi wajipange mstarini tupige picha ya makabidhiano. Sina ugomvi na picha, lakini nilijisikia mwizi anayepongezwa kwa kurudisha kuku. Nikaomba twende stoo tu.

Mwalimu wa maabara wa sasa ni kijana, huenda ndiyo kwanza alikuwa darasa la kwanza wakati mimi navunja ile bureti. Akazihesabu moja moja, akainua kila moja kwenye mwanga wa dirisha, akafungua leja, akaandika: bureti 12, mchango wa mhitimu.

Nikamwomba arekebishe. Mchango ni 11. Ile moja aiandikie mstari wake, kulipa deni, na nikamtajia jina la mwalimu.

Akasita na kalamu hewani. "Huyu ni nani, kaka?"

Nikavuta stuli.