Ng'ambo ni kwa Shangazi

Tulitoka Lewiston, jimboni Maine, Marekani, alfajiri, mimi na shemeji. Saa tano hivi za msitu mtupu, kisha miti ikaachia njia na bonde la mto Saint John likajitandaza mbele yetu: mashamba ya viazi na minara ya makanisa ya Kikatoliki. Fort Kent tulipita tu. Kufika Madawaska simu yangu ikaruka saa moja mbele, imenasa mnara wa Kanada. Mto si mpana. Ng'ambo niliona hadi nguo zilizoanikwa.

Mimi nimekulia uwanda wa Ruzizi, kwa hiyo mto kuwa mpaka si jambo geni kwangu. Hapa mashamba ni membamba na marefu kama mikanda, kila moja limegusa maji. Ndivyo walivyogawana Waakadia, Wafaransa ambao Waingereza walianza kuwafukuza Nova Scotia mwaka 1755. Wachache wao walifika huku 1785, kwenye nchi ya Wolastoqiyik, wenyeji wa asili wa bonde hili, wakachanganyika na watu wa Quebec. Mwaka 1842 Uingereza na Marekani zikapatana mpaka upite mtoni: aliyejenga kusini akawa Mmarekani, nduguye wa kaskazini akabaki chini ya Malkia.

Mama mwenye nyumba tuliyolala alitupikia ploye, chapati nyembamba za huku. Unga wa manjano wa buckwheat, mbegu kama nafaka, maji, hamira ya unga. Hakuna yai wala maziwa. Anamimina kwenye kikaango kikavu na hageuzi. Vitundu vinafumuka juu, chini kunakauka, basi. Anjera ya Wasomali kabisa! Unapaka siagi, unaviringisha, unaila kwa mchuzi wa kuku.

Kifaransa chake kina irabu nzito, nikawa nategea sikio. Alisema utotoni, ukikiongea shuleni, unabakizwa darasani baada ya wenzako kwenda. Sheria ya Maine ya 1919 ilitaka masomo yawe kwa Kiingereza tu. Nikamwambia sisi tulivishwa kibao shingoni kwa kuongea Kiswahili badala ya hicho hicho Kifaransa. Akacheka hadi mwiko ukamponyoka.

“Na changu unakielewa?” akauliza, kwa wasiwasi kabisa.

“Chote, mama.”

Akaelekeza kidole dirishani, kule Edmundston, mji wa Kanada ng'ambo ya mto. Shangazi yake aliishi pale, akasema. Jumapili walikuwa wanavuka daraja kwenda kula kwake, na ilibidi njaa iwaume saa moja kabla ya wakati, maana saa ya shangazi ilikuwa imetangulia.