Sweta, Sanduku na Mizani: Siku Yangu Karibu na Uwanja wa Ndege wa Mombasa

Saa 11 alfajiri

Soko la mitumba la Kongowea halimngoji mtu. Belo zikishakatwa kamba, nguo za kamera, zile za daraja la kwanza, zinaondoka na waliowahi. Ukija jua limepanda utabaki kuchambua fagia, mabaki yaliyokataliwa. Kwa hiyo nikishaswali nipo stejini Magongo, nashuka Buxton, napanda nyingine ya kuvuka daraja la Nyali.

Nafuata sweta na majaketi mazito. Ndiyo, Mombasa. Nilipoanza, shoga zangu walicheka hadi machozi. Lakini stoli yangu iko upande wa Changamwe, njia ya kwenda Uwanja wa Ndege wa Moi, na kila siku kuna mtu wa Pwani anayepanda ndege akiwa na shati la mikono mifupi, akashuke Nairobi mwezi wa Julai. Kule ni zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na alfajiri za Julai zinaweza kushuka hadi nyuzi 10 hivi. Hapa kwetu usiku wa nyuzi 22 tunauita baridi na tunatafuta shuka.

Sweta naikagua kwa mpangilio uleule: kwapa kwanza, kisha ncha za mikono, kisha zipu, naifungua na kuifunga mara mbili. Lebo nasoma mwisho. Ikiandikwa sufu naishika vizuri, maana ya sufu huuzwa yenyewe. Ikiwa imeota vidonge vya uzi kifuani, hata iwe ya jina gani, naiacha. Mteja wangu hana muda wa kujaribu tatu nne. Ya kwanza nitakayomwonyesha lazima iwe safi.

Saa 2 asubuhi

Jengo letu lilikuwa ghala. Mwenyewe akalikatakata kwa mbao na mabati, sasa ni stoli ndani ya stoli chini ya paa moja: viatu, simu, manukato, vipuri vya tuktuk, kinyozi, wakala wa M-Pesa, mimi. Madirisha hakuna, feni ndiyo roho yetu. Mwenye stoli ya manukato akifungua, jengo zima linanukia udi mpaka saa sita.

Mahamri na mbaazi kwa mama wa mlangoni, chai ya rangi yenye tangawizi, natundika mali.

Saa 3

Wafanyakazi wa zamu ya usiku wanapita wakirudi nyumbani. Hao hununua viatu vyeusi na soksi, hulipa mwisho wa mwezi, hawana maneno mengi.

Saa 4 na robo

Kijana mmoja anaingia mbio, tuktuk nje inanguruma.

“Shikamoo dada. Sweta iko?”

“Marahaba. Iko, mwanangu. Ndege saa ngapi?”

Hilo ndilo swali langu la kwanza daima, kabla hata ya saizi. Ananionyesha simu: 13:10. Saa saba na dakika kumi. Nikamwambia akae, ana muda, avute pumzi. Anakwenda kwenye usaili wa kazi Upper Hill, Nairobi, na hajawahi kuvuka Voi. Nikamtolea ya kijivu, shingo ya V, inayoingia chini ya koti.

“Mia saba.”

“Dada, mia nne.”

“Mia nne ni ya mtu anayekaa Mombasa. Wewe unakwenda kutetemeka. Mia sita, na nikupe mwongozo: usiivue ndani ya ndege.”

Alitoa mia sita. Watu wengine hapa jengoni huona mtu mwenye begi na tiketi, bei inaruka mara mbili. Nawaelewa, kodi ni kodi. Lakini msafiri wa leo ni jirani wa mtu Mikindani au Chaani, na habari za duka la wezi hufika Mikindani kabla ndege haijatua.

Saa 6 mchana

Hapa ndipo penye utamu wa kazi yangu. Nina mizani ndogo ya kuning'iniza, ya ndoano, na nadhani imeniletea wateja wengi kuliko nguo. Mashirika mengi huruhusu kilo 23 kwa begi la tikiti ya kawaida na karibu kilo 7 mkononi, lakini hakuna mama wa Kimombasa anayefunga begi kwa kilo. Hufunga kwa mapenzi.

Leo ilikuja familia nzima, watu sita na sanduku moja. Binti anakwenda Doha kupitia Addis Ababa. Nikalitundika: kilo 28. Kimya. Kisha wote wakasema kwa pamoja.

Tukafungua sakafuni. Achari ya embe, chupa mbili. Viungo vya pilau vilivyosagwa, mfuko wa kilo nzima. Halwa. Leso jozi tatu. Nazi, tena nzima, na maganda yake.

“Nazi ya nini, mama? Doha kuna nazi.”

“Si ya kwetu,” bibi akajibu, akaikumbatia.

Baba alitaka halwa itoke. Shangazi alitaka viatu vitoke. Binti mwenyewe alikuwa amekaa juu ya ndoo yangu, anaangalia simu, machozi yanamtoka polepole, na hakuna aliyemsemesha kwa sababu kila mtu angeanza. Nilimwita anisaidie kushika ndoano ili apate la kufanya. Achari moja ikatoka, viatu akavivaa, leso jozi moja akajitanda, viungo nikavigawa nusu. Nazi ikabaki. Kilo 23 na kidogo. Nikawaambia hicho kidogo wamwachie Mungu na msichana wa kaunta. Kupima ni shilingi hamsini, ila kwa aliyenunua begi kwangu ni bure. Hawakununua chochote, na hamsini sikuidai.

Saa 8

Joto, stima imekwenda, feni zimekufa. Wali wa nazi na samaki wa kupaka, tunakula kwenye ngazi za nje.

Binamu yangu aliyeko Illinois ameniletea video kwenye WhatsApp. Yuko Rosemont, pembeni ya uwanja wa ndege wa O'Hare, kwenye jengo la maduka ya bei ya punguzo linaloitwa Fashion Outlets of Chicago. Lilifunguliwa 2013, ghorofa mbili, maduka zaidi ya 130, yote ndani kwa ndani maana nje kuna theluji. Wameweka hata mahali pa kuachia mizigo na kuchapa pasi ya ndege, ununue mpaka dakika ya mwisho. Nikamjibu: hiyo ni stoli yangu, mmeitia kiyoyozi tu.

Kule husemwa nguo ni za msimu uliopita au zilizobaki, ndiyo maana ni rahisi. Nyingine ni kweli. Lakini baadhi ya makampuni hushona nguo maalumu kwa maduka hayo, hazijawahi kuning'inia duka lingine lolote, na bado lebo inaonyesha bei kubwa iliyokatwa. Ile bei kubwa hakuna aliyewahi kuilipa! Jirani yangu wa viatu naye ana kalamu nyekundu: 3,500, mstari, 1,800. Nikimuuliza 3,500 ilikuwa lini, anacheka. Bora mitumba, wallahi. Sweta iliyokwisha kuvaliwa haina jinsi ya kunidanganya.

Saa 11 jioni

Treni ya usiku ya Madaraka Express huondoka Miritini kwenda Nairobi saa nne, na abiria wake ni wateja wazuri kuliko wa ndege: wana saa za kutosha na blanketi wanazitaka. Nimeuza nne, mbili kwa wenzi waliogombana rangi nusu saa.

Saa 2 usiku

Nateremsha shata. Mwanamume namkumbuka uso, alinunua jaketi la kijani wiki iliyopita, anasimama nalo mkononi.

“Dada, nimerudi Mombasa. Hili nitalivaa wapi? Unalinunua?”

Nikalikagua: kwapa, ncha za mikono, zipu. Limefuliwa.

“Mia mbili.”

“Uliniuzia mia nane!”

“Ulikuwa unakwenda Nairobi, kaka.”

Tukakubaliana mia tatu. Nimelitundika mbele kabisa; kesho asubuhi kuna ndege.