Magauni ya sare yalivyoanza kuzunguka mtaani kwetu

Kabatini kwangu kulikuwa na magauni 9 ambayo kila moja nimelivaa siku moja tu. Ukiishi Dar huhitaji kuelezwa yalikotoka. Kamati ya harusi inatangaza rangi, unakimbilia Kariakoo kutafuta kitambaa, unamsumbua fundi wiki nzima, unavaa Jumamosi, basi. Kulirudia huwezi, maana picha zimeshazagaa kwenye simu za watu na harusi inayofuata ina rangi yake. Ukihesabu kichenpati, sendofu na harusi yenyewe, bibi harusi mmoja anakuachia sare tatu.

Siku moja jirani yangu alichoma furushi la nguo za namna hiyo nyuma ya nyumba. Sateni haikuungua kama pamba inavyoungua. Iliyeyuka, ikanata kwenye mchanga kama plastiki. Na kweli ni plastiki, kwani sateni nyingi tunazonunua ni poliesta. Hata dekio huwezi kuitengeneza, haifyonzi maji.

Nikafungua kundi la WhatsApp na wenzangu 23 wa kikoba: leta gauni, chukua gauni. Wiki ya pili likawa gulio. Picha ya gauni inafuatwa na salamu za asubuhi, mwingine anatangaza karanga, na anayeuliza "la bluu bado lipo?" hajibiwi, maana ya bluu yako sita. Nilikaribia kulifuta.

Kilichoniokoa ni WhatsApp Business, ile wanayotumia wauza viatu. Ina katalogi: unaweka picha, jina na maelezo, na sehemu ya bei unaweza kuiacha wazi. Kila gauni nikalipatia namba. Kundi nikaliwekea mpangilio wa msimamizi peke yake kuandika, likabaki la matangazo. Walionuna walinuna.

Lakini kazi yenyewe iko kwenye vipimo. Mwanzoni niliuliza saizi, kosa kubwa. Nguo ya fundi haina saizi. "Midiamu" ya mmoja wetu ilimkaba mwenzake hadi zipu ikapasuka palepale kwenye kikao. Sasa silipokei gauni bila inchi za kifua, kiuno, nyonga na urefu, na swali moja ambalo watu hawalitarajii: fundi aliacha kitambaa kiasi gani ndani ya mshono? Likiwa na akiba ya inchi moja kila upande, linaachiwa na kumfaa mtu mnene zaidi. Likiwa limekatwa karibu na uzi, ndiyo imetoka, linamsubiri mwembamba. Mimi naona taarifa hiyo ina maana kuliko picha.

Picha nazo zina uongo wao. Rangi ya damu ya mzee ikipigwa usiku chini ya taa inatoka kahawia, mtu anaifuata kwa furaha kisha anasonya. Tunapiga asubuhi, nje, kivulini, gauni likiwa na karatasi nyeupe pembeni. Karatasi ikionekana ya njano, rudia picha.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo halisemwi mbele za watu. Mmoja alinifuata pembeni: "Dada, nguo ya mtu nisiyemjua, si nitabeba mikosi yake?" Mwingine alihofia nyota yake kuchukuliwa. Sikubishana nao. Tulikubaliana kwamba gauni linafuliwa, linapigwa pasi, na mwenyewe analikabidhi mkononi siku ya kikoba, uso kwa uso. Hofu ikapungua, na nauli ya bodaboda tukaiokoa pia. Mfumo wa alama, lesi iwe na alama nyingi kuliko kitenge, niliujaribu mwezi mmoja. Ulileta ugomvi, nikauacha. Siku hizi ni gauni kwa gauni, wenye lesi wanaelewana wenyewe.

Makoti ya wanaume bado yamenishinda. Wanaleta moja, wanataka mawili.

Mwezi uliopita mama mmoja anayemwoza binti yake alinipigia hata kabla kamati haijakaa. Hakuniomba mchango. "Mwanangu, hebu niangalizie kwenye hiyo simu yako, rangi gani mnayo nyingi?"

Nikatazama. Zambarau, 11.

Juzi kadi zimetoka. Sare ni zambarau.