Usisubiri mpaka uombwe

Nikiwa kwenye basi, treni au foleni yoyote ile, mtu mfidhuli hanisumbui sana, huyo utamjua mapema na utamkwepa. Kinachoniuma ni ule ustaarabu wa kusubiri kuombwa. Yaani mtu yuko tayari kabisa kukusaidia ila mpaka useme, na kusema ndo kazi kwelikweli.

Miaka ya 1970 kule New York mwanasaikolojia mmoja, Stanley Milgram, aliwatuma wanafunzi wake kwenye treni za chini ya ardhi wakawaombe abiria siti, bila sababu yoyote, samahani naomba nikae hapo, basi. Ungedhani watatukanwa weee, lakini asilimia 68 waliwapisha, wengine kwa kusogea tu. Mi kinachonigusa hapo ni upande wa waombaji, maana kazi ile iliwatesa, na Milgram mwenyewe alipojaribu maneno yakamkwama kooni, alipopata siti akajikuta ameinamisha kichwa, uso umempauka, kama mgonjwa wa kweli. Huyo ni profesa mwenye afya yake njema, tena aliyejiandaa. Sasa mwenye mgongo unaouma na hakuna anayeuona, aanzie wapi kujieleza mbele ya basi zima?

Juzi nilimwona dada mjamzito amesimama, mkono mmoja kwenye bomba, mkoba unateleza begani kila dereva akikanyaga breki, anaupandisha, anabadilisha mkono, unateleza tena. Mbele yake kijana amekaa na simu yake, na begi lake nalo limekaa siti ya pembeni. Yule dada akaliangalia begi, akageukia dirishani, hakusema neno. Abiria mwingine alipomgusa kijana bega na kumwonyesha, aliinuka haraka, samahani dada, samahani sana sijakuona, begi likapakatwa. Hana roho mbaya yule kijana, namwamini kabisa kwamba hakumwona. Lakini kutoona nako kunamchosha mtu miguu.

London mwaka 2017 walianza kugawa beji inayosema tafadhali nipishe siti, kwa wenye maradhi yasiyoonekana kwa macho, na ya wajawazito ilikuwepo tangu 2005. Naipenda sana hii kitu kwa sababu inamwondolea mtu mzigo wa kuomba, beji inaongea badala yake. Ila beji inataka mtu ainue macho, ukiwa umezama kwenye simu haikusaidii wewe wala yeye.

Na hapohapo kwenye simu. Ukiweka spika au ukiongea kwa sauti basi zima likasikia, usidhani watu kunyamaza ni kwamba wameridhika, wamenyamaza kwa sababu kukuambia punguza sauti ni kugumu vilevile kama kuomba siti. Kuna utafiti ulitoka 2010 ulionyesha kwamba kusikia upande mmoja tu wa maongezi kunavuruga umakini kuliko kusikia pande zote mbili, kwa sababu akili inakuwa inahangaika kubashiri kitakachosemwa. Kwa hiyo jirani yako anayejaribu kusoma, au aliyetoka zamu ya usiku anataka kupumzisha kichwa, hata akitaka kukupuuza hawezi.

Mi siku hizi nikikaa tu siti begi nalipakata kabla hajaja mtu. Kila kituo nainua macho nione nani kaingia. Nikimpisha mtu sianzi kumhoji unaumwa, una miezi mingapi, nasimama tu namwambia karibu ukae, nasogea mbali kidogo asijisikie ananidai shukrani. Akikataa nakaa zangu, simng'ang'anizi, maana kuna anayeumia zaidi akikaa kuliko akisimama na hana haja ya kunieleza kwa nini.