Jinsi nilivyosafiri na mbwa wangu msaidizi kutoka Nairobi

Nilipofika kaunta katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, nikirejea Marekani baada ya kumtembelea mama mtaani Kayole, mhudumu aliniambia, "Samahani mzee, mbwa husafirishwa na mizigo." Simba, mbwa wangu aliyefunzwa kunisaidia katika ulemavu wangu, alikuwa amelaza kidevu juu ya kiatu changu cha kushoto, ambacho ndani yake mna mguu wa bandia, kumbukumbu ya miaka yangu katika jeshi la Marekani.

Kosa lilikuwa langu kwa kiasi fulani. Sheria ya Marekani ya mwaka 1986 inayowalinda abiria wenye ulemavu huyabana hata mashirika ya ndege ya kigeni katika safari za kuingia au kutoka nchini humo, lakini tangu 2021 shirika linaweza kudai fomu ya idara ya uchukuzi kuhusu mbwa msaidizi saa 48 kabla ya safari, na nyingine kuhusu haja za mbwa iwapo safari ni ya saa 8 au zaidi. Mimi nilitegemea tu koti la Simba lenye maandishi.

Niliahirisha safari kwa siku 3, nikajaza fomu zote mbili nyumbani kwa shemeji, nikaambatisha hati za chanjo ya kichaa cha mbwa zenye namba ya chipu ya utambulisho iliyo chini ya ngozi yake, kwani Marekani huiweka Kenya miongoni mwa nchi zenye hatari kubwa ya ugonjwa huo. Siku ya safari niliomba, kwa upole lakini bila kulegea, kuonana na afisa wa kutatua malalamiko ambaye sheria hiyo hulilazimu shirika kuwa naye. Alisoma, akaipima kwa macho nafasi iliyo miguuni pangu, akasema, "Haya mzee, pita naye."