Siku moja na maji ya Dodoma: kutoka kisimani hadi kwenye viroboti vya kusafisha maji

Saa kumi na moja alfajiri. Chupa zimeshapangwa tangu usiku: za kupimia bakteria zimetakaswa kwa mvuke, za kupimia metali zina matone ya asidi ya naitriki, na za plastiki ni za kupimia floraidi. Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya maji. Kazi yangu inaanzia kwenye chupa, maana chupa chafu itanipa majibu ya chupa, si ya kisima.

Saa kumi na mbili tunaondoka kuelekea Bahi. Mjini tumezoea maji ya visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora. Huku vijijini kila kisima kina tabia yake: hiki chumvi, kile naitreti, na ukisogea Singida unaiona floraidi kwenye meno ya watoto, madoa ya kahawia yasiyosugulika.

Saa mbili kasoro, kisimani. Mbukwenyi! nawasalimu kwa Kigogo. Foleni ya madumu inanipisha. Naacha maji yamwagike kwanza, naunguza mdomo wa bomba kwa moto, ndipo nakinga. pH, yaani kipimo cha asidi, na chumvi nazisoma hapohapo.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Maji yetu unayapeleka wapi?”

Namweleza. Dereva anaongezea kwamba alasiri nitakuwa shuleni kuzungumzia viroboti vidogo vinavyosafisha maji. Bibi anataka kujua udogo wake. Nasema havionekani kwa macho.

“Sasa nikivinywa?”

Nimesoma makala nyingi za kitaalamu kuhusu viroboti hivi, na swali hilo ndilo ningependa liwe la kwanza kila mahali. Namwambia vingine vimewekewa nikeli ndani ili vivutwe kwa sumaku kazi ikiisha. “Basi vitolewe, vihesabiwe, ndipo nichote,” anasema, na kujitwika ndoo yake.

Saa sita mchana, maabara. Sampuli za bakteria hazitakiwi kuchelewa; tunajitahidi zifike ndani ya saa 6. Zinaingia kwenye kiangulio, kabati la joto la kukuzia bakteria, nyuzi 44, hadi kesho. Ugali wa uwele na mlenda, haraka.

Saa tisa, shuleni. Klabu ya sayansi wamebeba kila kitu nilichoagiza: peroksaidi ya haidrojeni ya duka la dawa, ile ya kusafishia vidonda, na unga mweusi wa manganizi dioksaidi kutoka maabara yao. Natia unga kidogo, povu linapanda. Njiti yenye kaa inawaka upya juu yake: hiyo ni oksijeni.

Sasa fikirini, nawaambia, kijibomba ambacho ndani yake kuna platini. Platini inavunja peroksaidi, mapovu yanatokea upande mmoja, kijibomba kinasukumwa upande wa pili. Hicho ndicho kiroboti; hakina injini wala betri. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State walionyesha vijiti vya dhahabu na platini vyenye urefu wa mikromita 2 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita) vikijiendesha kwenye peroksaidi. Mwaka 2016 kundi la Samuel Sánchez, wa Stuttgart na Barcelona, likatengeneza vijibomba vya tabaka tatu: nje grafini oksaidi, utando mwembamba mno wa kaboni yenye oksijeni, unaonasa madini ya risasi, katikati nikeli, ndani platini. Ndani ya saa moja risasi ilishuka kutoka mikrogramu 1000 kwa lita hadi chini ya 50. Kisha vilivutwa kwa sumaku, vikaoshwa kwa asidi, vikatumika tena.

Kwa nini vitembee? Kwa sababu kichujio kilichotulia kinasubiri uchafu ukifikie, kama sukari iliyolala chini ya chai. Kinachotembea kinaufuata, na kinakoroga maji njiani.

Binti wa kidato cha tatu anainua mkono. “Madam, WHO si inasema 10?” Ndiyo. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa risasi ni mikrogramu 10 kwa lita; hamsini bado ni mara tano. Nimefurahi kupita kiasi, na nimemwambia hivyo mbele ya wenzake.

Mwingine anauliza kama vitatoa floraidi ya Singida. Hapana, si viroboti hivi. Grafini oksaidi inavuta chembe zenye chaji chanya kama risasi. Floraidi ni hasi. Kwa floraidi, mkaa wa mifupa unafanya kazi leo, bila roboti. Pia, ukimwaga peroksaidi kisimani umeongeza kemikali nyingine ya kuondoa. Ndiyo maana natazama zaidi aina zinazosukumwa na mwanga, zenye titani dioksaidi, na zile zinazotumia manganizi badala ya platini ya bei kubwa. Jua tunalo. Unga mweusi wanao mezani.

Saa kumi na mbili jioni bado wanabishana nani atasimamia sumaku.

Saa mbili usiku najaza daftari la sampuli. Floraidi ya kile kisima nitaipima kesho asubuhi, kabla ya kitu kingine chochote, na majibu yatakwenda kijijini kwa Kiswahili, kwenye karatasi ya kubandikwa pale bombani.