Siku yangu ya kazi kabla skrini ya kwanza haijachorwa

Saa 2:00 asubuhi. Kazi yangu ni kubuni mifumo ya kompyuta, pamoja na skrini, yaani kurasa ambazo mtumiaji ataziona. Nawasha kompyuta, lakini programu ya kuchorea siigusi. Mradi tulio nao ni mfumo wa rufaa za wagonjwa: mgonjwa anaonwa katika kituo kidogo, anaandikiwa rufaa, anapokewa na daktari bingwa kwingine, na katikati wapo mpokezi, muuguzi na ofisa wa bima. Mradi wa aina hii ukiuanza kwa skrini, mabishano yanakuwa ya rangi ya kitufe, na swali gumu kama nani ana mamlaka ya kufuta rufaa linakaa limefichwa chini ya mchoro unaopendeza, mpaka mhandisi wa programu aligundue siku za mwisho.

Saa 2:30. Nasoma madokezo ya mahojiano. Vitu vinavyotajwa na watu wenyewe navipigia mstari kwa rangi moja, vitendo kwa rangi nyingine. Waraka wa mteja umejaa "dashibodi", yaani ukurasa wa muhtasari, na "ukurasa wa taarifa". Hivyo naviruka. Muuguzi hafanyi kazi na dashibodi, anafanya kazi na mgonjwa, rufaa, kipimo na miadi.

Saa 3:30. Hapa ndipo napapenda kuliko kote. Kila kitu kinapata kadi yake ubaoni, na kati ya kadi nachora mistari ya uhusiano. Rufaa moja inaweza kuzaa miadi kadhaa. Miadi ya kurudi kuangaliwa yaweza isiwe na rufaa mpya. Sasa kibali cha bima kikae wapi, kwenye rufaa au kwenye miadi? Kikikaa kwenye miadi, kila mgonjwa anapobadilisha tarehe anarudishwa mwanzo kuomba kibali upya. Kikikaa kwenye rufaa, abadilishe tarehe apendavyo. Nampigia simu ofisa wa bima. Anajibu kwamba kibali kinafuata rufaa, ila kina muda wake wa kuisha. Jibu hilo fupi limeleta hali ambayo hakuna aliyekuwa ameitaja: kibali kimeisha na miadi bado ipo.

Saa 5:00. Kwa hiyo nachora hali. Mwaka 1987 mwanasayansi wa kompyuta David Harel alichapisha namna ya kuchora hali za mifumo tata, ambapo hali inaweza kukaa ndani ya nyingine, na mbili zinaweza kwenda sambamba. Huo usambamba ndio ninaouhitaji. Rufaa inaweza kuwa imekubaliwa na daktari bingwa huku kibali kikiwa bado kinasubiriwa. Ukilazimisha hayo mawili yaandikwe kwenye sehemu moja ya "hali ya rufaa", mpokezi ataona "inasubiri" na hatajua inamsubiri nani.

Saa 6:00 mchana. Kikao na meneja wa mradi. Anataka skrini mbili tatu za kuwaonyesha wakubwa, na namwelewa, kwa sababu wakubwa huamini wanachokiona. Namkumbusha mchoro wa mwaka 2000 wa mbunifu Jesse James Garrett, unaoigawa kazi ya kubuni katika matabaka matano: mkakati, upeo, muundo, kiunzi, na sura juu kabisa. Tabaka la juu linaweza kuanza kabla ya la chini kumalizika, ila lisimalizike kwanza. Tunakubaliana apeleke mchoro wa hali pamoja na kisa cha mgonjwa mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho.

Saa 8:00. Jedwali la nani anaruhusiwa kufanya nini. Kazi kavu, haina madoido. Visanduku vilivyobaki vitupu ndivyo ninavyovitafuta, maana kila kimoja ni uamuzi ambao haujafanywa.

Saa 9:00 alasiri. Muuguzi amenipa muda wake. Sina skrini ya kumwonyesha, nina kisa tu.

"Dada, mgonjwa amefika, kibali chake kiliisha jana. Unafanyaje?"

"Simrudishi. Namwingiza kwa daktari kwanza, halafu naomba kibali kihuishwe."

Mchoro wangu ulikuwa unamzuia mgonjwa mlangoni. Nafungua njia nyingine: ziara ya mgonjwa kwa daktari inaweza kuanza bila kibali hai, mradi ombi la kuhuisha litumwe na jina la aliyeruhusu libaki kwenye kumbukumbu. Marekebisho haya kwenye kadi yamechukua dakika chache. Yangekuja baada ya skrini kukamilika, tungegusa mapokezi, orodha ya daktari na taarifa za bima kwa pamoja.

Saa 10:30 jioni. Sasa naorodhesha sehemu ambazo mtumiaji atazihitaji, kwa penseli, visanduku na majina tu. Zinatoka kwenye kadi zenyewe: orodha ya rufaa, rufaa moja, miadi ya leo, maombi ya kibali. Dashibodi aliyoiomba mteja imegeuka kuwa orodha ya mambo yanayomsubiri mpokezi, kila jambo na anayesubiriwa.

Saa 11:00. Naandika faili ya maamuzi: kilichoamuliwa, nani kaamua, kwa sababu gani. Maswali yaliyobaki kila moja linapewa mwenyewe. La kwanza linakwenda kwa ofisa wa bima: ombi la kuhuisha likikataliwa baada ya mgonjwa kutibiwa, rufaa inabaki wazi au inafungwa?